Usinipongeze kwa Aibu ya Phelista

Tuwan, Kitale,
Jumapili, 21 Septemba 2025.

Mpendwa wifi yangu Edah,

Natumai barua hii itakufikia huko Voi ukiwa mzima, na kwamba magoti yamepoa tangu ubadilishiwe dawa. Vijana wako wanaendeleaje na shule? Sisi huku hatujambo. Mahindi yamekomaa lakini mvua bado inanyesha kila alasiri, kwa hivyo tunaomba jua. Mama yako nilimwona Sirisia Jumamosi ya tarehe 13. Presha imeshuka na anakula vizuri.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako huwa unaifungulia sauti jikoni ukipika, na watoto wanasikia kila kitu. Tafadhali soma haya ukiwa peke yako.

Wifi, nimekasirika. Nimemkasirikia ndugu yako Wakoli, na tangu uliponipigia Jumatatu, nimekukasirikia na wewe pia. Ulicheka ukasema, "Hongera mama, sasa atamwacha yule wa Bungoma ubaki na mume wako." Nikanyamaza, ukafikiri nimefurahi. Sikufurahi hata kidogo.

Ulikuwa sebuleni kwangu siku Wakoli aliposema anataka mke wa pili. Ni wewe uliyenishika mkono ukanisihi nikubali, kwa kuwa kazi yake ya kutengeneza mashine za kusaga posho inamweka Bungoma karibu nusu ya mwezi, na heri mke anayejulikana kuliko kufichana. Nilikubali kwa sharti moja, nisidanganywe. Akaapa mbele yako kwamba hatanificha lolote. Tulichokuwa hatujui mimi na wewe ni kwamba kule Bungoma alimwapia Phelista, huyo mke wa pili, kwamba mambo ya nyumba yake hayatavuka mlango. Alituahidi mimi na Phelista bila kupepesa macho.

Mwezi wa nane nilianza kuumwa tumbo la chini, na joto likapanda mpaka nikashindwa kuingia shambani. Daktari aliponipima akaniambia ni ugonjwa wa kuambukizwa kitandani, kwamba unatibika, na kwamba wote wanaohusika lazima watibiwe. Jina lake sitaliandika. Si ugonjwa wangu peke yangu, na wewe huna haja nalo.

Nilimpigia Wakoli nikiwa bado nimekaa kwenye benchi nje ya kliniki. Unajua alivyonijibu? "Hiyo kitu si tulitibiwa na Phelista mwezi wa tano. Aliniomba nisiseme. Siri ya mtu ningeitoaje?" Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu aliyefanya jambo la heshima. Mwezi wa tano, Edah. Alitibiwa, akarudi kwangu, akala, akalala, akaniacha nimebeba ugonjwa.

Kesho yake nilienda Bungoma. Nilikuwa sijawahi kumtembelea Phelista. Nilimkuta sokoni kwenye meza yake ya vitunguu na nyanya, na nilikuwa nimejiandaa kumwaibisha mbele ya wateja wake. Aliponiona hakuuliza kitu. Alifunika meza na gunia, akasema, "Dada, twende nyumbani. Hapa watu wana masikio."

Nikamuuliza mbona alimfunga Wakoli mdomo. Akanitazama sana. "Mimi nilimwambia aende akwambie siku hiyo hiyo," akasema. "Nilichoomba ni watu wa nje wasijue. Alirudi hapa akaniambia ulishatibiwa, na ati ulisema hutaki hata kusikia jina langu."

Nikamwambia angenipigia mwenyewe. Akasema hakuwa na namba yangu, na Wakoli alikataa kumpa, ati angeleta vita. Kisha akanipa pole kwa operesheni yangu.

Edah, wewe mwenyewe unasikia habari hiyo leo. Nilipotolewa kizazi, tuliojua ni mimi, mama yangu na Wakoli tu. Nikamuuliza aliijua wapi. Akainamisha kichwa. "Aliniambia wakati wa kuniposa, ndio nikubali. Ati nisiogope, mkubwa hazai tena."

Hapo ndipo nilipoelewa mume niliye naye. Siri yangu aliitumia kujipatia mke. Siri ya Phelista akaitumia kujificha. Ukweli anausema ukimfaa, na ukimchoma anakumbuka kwamba kuna mambo ya faragha.

Aliporudi Kitale nilikuwa nimeshatoa nguo zake chumbani. Hakuniuliza sababu. Alimpigia Baba Mdogo Wepukhulu akamwambia wivu umenipanda, nikaitwa kwenye kikao cha familia Sirisia, Jumamosi hiyo ya tarehe 13. Phelista naye akaitwa.

Wewe hukuwepo, na waliokusimulia wamekusimulia vibaya. Baba Mdogo aliniuliza mbele ya watu wote, "Lorna, umemfukuza mume chumbani kwa nini?" Nikasema, "Muulizeni Wakoli." Wakoli akasema, "Mimi sina neno. Lorna mwenyewe amebadilika tu." Wakaanza kunikaripia mmoja baada ya mwingine. Ningeweza kusema, lakini kila neno langu lingemtaja Phelista, na nilikuwa nimemwahidi kwake nyumbani kwamba jambo lake halitatoka kinywani mwangu. Wakoli alijua nitanyamaza. Alikaa pale akiutegemea unyamavu wangu.

Phelista akasimama. Hakuna aliyemwomba. "Mimi nilikuwa mgonjwa," akasema. "Nilitibiwa mimi na Wakoli. Lorna hakuambiwa mpaka naye akaugua. Shida ndiyo hiyo."

Na unajua walifanya nini watu wetu? Walimgeukia yeye. Baba Mdogo alimuuliza aliupata wapi, na shangazi zako wakavuta viti mbali naye. Nani alianza, sijui. Phelista anasema si yeye, Wakoli anasema si yeye. Lakini Wakoli hakuulizwa hata na mtu mmoja, naye hakufungua mdomo kumsaidia. Nikasimama, nikamshika Phelista mkono, tukatoka mpaka barabarani.

Sisi si marafiki, usinielewe vibaya. Bado namkumbuka kila nikimeza dawa. Lakini sasa tuna namba za simu. Tumekubaliana kwamba lolote linalogusa afya ya mwenzake, mtu atampigia mwenyewe siku hiyo hiyo. Mengine ni ya kila mtu na nyumba yake. Wakoli yuko Sirisia kwa mama yenu. Mimi sitamfungulia, na Phelista amesema naye hatamfungulia, mpaka arudi mbele ya watu wale wale aseme kwa mdomo wake alichotufanyia. Huenda hatasema. Basi atakaa huko.

Sasa nakuja kwako. Kufikia Jumatano habari ilikuwa imefika soko la Bungoma. Phelista ananiambia wanawake wanapita meza yake wakiziba pua, na nyanya zinaozea hapo. Mimi sikusema. Yeye hakusema. Ni wewe uliyempigia rafiki yako Nabwile kumhadithia, na Nabwile anauza hapo hapo, meza ya tatu kutoka kwake. Mpigie tena. Mwambie ulichomwambia hakikuwa chako kukisema. Na hili la kizazi changu nimekuandikia mwenyewe kwa hiari yangu. Likifika kwa mtu mwingine, nitajua limetoka wapi.

Nisalimie shemeji na vijana wote. Mama yangu anakusalimia, hajui kwamba nina hasira nawe. Mungu awalinde na akuponyeshe magoti, uweze kuja Sirisia mwezi wa kumi na mbili tuongee uso kwa uso. Phelista nimemwalika, na viti vyetu vitakuwa pamoja.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda hata leo,
Lorna Jerop.