Jivu la Mau Narok

Mama Brian mpendwa,

Baridi ya huku Mau Narok inauma hadi meno, lakini viazi ni vitamu. Nimechomelea mashine ya kuviosha: pipa ni chuma isiyoshika kutu, shafti, ule mhimili unaolizungusha, ni chuma ya kawaida. Mzee mwenye shamba alikuwa na haraka ya soko, akaimwagia maji ipoe. Ikalia "ti!" Akanishukuru. Mashine ilizunguka hadi saa ya chai, ikapasuka kando ya pale nilipounga.

Nikamwambia, "Mzee, chuma mbili tofauti zikipoa, kila moja inanywea kivyake. Ukiziharakisha zinabaki zikivutana ndani kwa ndani, na kila mzunguko unaongeza ufa."

Mzee akamwangalia mkewe. Mkewe akaangalia viazi.

Nikaichomelea mara ya pili, nikaifunika kwa jivu moto ipoe polepole. Mke wa mzee akakaa hapo na mwiko, mzee asikaribie. Mpaka sasa inazunguka.

Wasalimie watoto. Najua nilitoka nyumbani tukiwa tumekosana, bado tuko moto. Ningepiga simu tumalize maneno leo, lakini nimeona afadhali kadi. Posta wanasema itachukua wiki kufika.

Wako,
Baba Brian