Sifuri Nukta Nane

Baba,

Huko uliko hakuna boila, na kwa hilo namshukuru Mungu. Ile geji yako ya kupimia mvuke, yenye kioo chenye ufa, waliitoa baada ya kukuzika. Mimi binti yako ndiye niliyepewa kazi yako ya kiwandani, kulisha boila kuni na kuchunga mvuke wa kukaushia majani chai.

Baba, naogopa. Sina mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka vile ulinifundisha? "Chebet, kilo nane inatosha. Ikifika kumi valvu ya usalama italia." Huku kwetu tumezoea kupima majani, basi hata mvuke tunausema kwa kilo. Na geji yako ilikubali, nane ilikuwa nane. Hii mpya ni ya megapaskali, na moja yake ni karibu kilo kumi zako. Pale kwa nane yako, mshale unaonyesha sifuri nukta nane.

Wiki jana nilifika zamu nikamkuta Wesley, yule wa Siongiroi uliyemtania eti anapenda maziwa ya mursik kuliko kazi, anasukuma kuni jasho likimtoka. "Angalia hii kitu, hata kilo moja haijafika!" Mshale ulikuwa umepita sifuri nukta tisa. Yesu wangu! Nilimnyang'anya gogo, nikafunga mlango wa hewa, nikapiga kelele azidishe kwa kumi, hiyo ni kilo tisa na inapanda! Halafu valvu ikalia, wakulima waliokuwa wakileta majani wakatupa vikapu wakakimbia.

Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku hiyo, sufuria ikichemka na kifuniko kikicheza, naruka. Najiuliza, na kama mimi ndiye nitakosea? Najua megapaskali moja ni bar kumi, na bar na kilo zako zinapishana kidogo tu. Lakini geji ya pampu ya maji nayo inasoma kilopaskali, huko mia nane ndiyo nane, na watu wanaiita kilo pia! Juzi fundi aliniambia, "Iko kilo mia sita," nikakimbilia mlango wa hewa, kumbe alikuwa akisema pampu. Wewe ungecheka, Baba. Mimi nilitoka nje nikalia.

Mama ananiuliza mbona sili. Namwambia ni baridi. Siwezi kumwambia ukweli, kwa sababu siku hizi wamempeleka kuchambua chai, na meza yake iko ng'ambo ya ukuta wa boila.

Kesho nitakuwa peke yangu kwa zamu. Nimekata shauri, kilo ni ya majani, basi. Kwa boila nitasema megapaskali, nizidishe kwa kumi kwa sauti, hata ulimi ukitoa "mekapaskali" na vijana wacheke mpaka wachoke.

Saisere, kwaheri Baba, pumzika. Najua umemkumbuka Mama. Utamngoja sana, mimi sitamleta huko.

Chebet wako