Mshahara wa Kampala na Matuta ya Nyumbani

S.L.P. 41,
Ruiru.
18 Septemba, 1957.

Mpendwa Mjomba Kaleli,

Nakusalimu kwa heshima nyingi, wewe na mama watoto, na kila alalaye chini ya paa lako huko Kampala. Je, kile kikohozi cha mwezi wa saba kimekuachilia? Sisi tu wazima. Mama, dada yako, mguu bado unamwuma asubuhi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote, Mungu asifiwe.

Barua yako niliisoma nimesimama pale posta, na kusema kweli machozi yalinilenga. Kwenda mbele ya meneja wa kiwanda cha pamba, ukaweka jina lako rehani kwa ajili ya mpwa ambaye hujamwona miaka sita! Hata angekataa kuniajiri ningekushukuru. Sasa amekubali na anataka jibu langu kabla mwezi haujaisha, kwa hiyo nakueleza kila kitu bila kuficha.

Mimi ni karani wa hesabu, nikaanza na hesabu. Hapa kwenye shamba la kahawa napata shilingi mia moja themanini na tano. Chumba ni cha bwana, silipi kodi, na kila Jumamosi napimiwa posho ya unga na maharagwe. Huko nitapata mia tatu na ishirini. Nilipoiona nambari hiyo niliruka. Kisha nikakaa chini nikatoa kodi ya chumba cha Naguru uliyoniandikia, makaa, na unga wa mahindi, ambao unasema ni ghali kwa kuwa wenyeji wanakula matoke. Nikatoa na mashati na tai, maana huko karani haendi ofisini na sweta kama mimi. Ndinda, mke wangu, aliuliza kama muthokoi wetu wa mahindi yaliyokobolewa unauzwa Kampala. Nikamwambia nitajifunza ndizi. Alicheka mpaka akashika mlango.

Shilingi ni ile ile yenye simba, lakini simba wa Kampala anakula zaidi. Hata hivyo zilibaki kama arobaini juu ya zile ninazobakiza hapa. Hizo ni karo ya kijana wetu mkubwa, anayeingia shule ya kati mwakani. Bila hizo atakaa nyumbani, na hilo linaniuma kuliko njaa.

Kilichonizuia ni shamba. Unajua kwamba kila Jumamosi jioni napanda baiskeli kwenda nyumbani, kule ng'ambo ya Gatuanyaga, nikalime. Matuta yalikuwa yamebomoka, na mvua ya Novemba ikiyakuta hivyo itabeba udongo wote. Ndinda ni mjamzito wa miezi saba. Nikiweka vibarua, zile arobaini zinakwisha. Nikawaambia nyumbani kwamba nitakuandikia kukataa. Mama alichukua fimbo akatoka nje, na mguu ule ule.

Jumamosi iliyopita nilifika nikasikia nyimbo kabla sijaona mtu. Mwethya mzima ulikuwa shambani mwetu! Akina mama zaidi ya ishirini, majembe yanapanda na kushuka, na matuta yamefika karibu na mfereji. Desturi unaijua: mwenye shamba ndiye huita mwethya, naye baadaye huenda kulima kwa kila aliyekuja. Mimi sikuita, kwani nikiwa Kampala nani angelipa zamu zangu? Kumbe mama ameita kwa jina lake. Alikusudia kuzunguka mashamba yote ya wenzake na mguu ule.

Nikapiga kelele kwamba haiwezekani. Ngendo, yule jirani yetu Mkikuyu aliyeolewa huku, alisimama akaegemea jembe. Akaniambia, "Wewe Muasya, mama yako atakaa kivulini atupigie filimbi tu. Zamu zake tumeshagawana. Wewe enda! Ama unangoja tukubebe mpaka stesheni?"

Mjomba, nililia mbele ya wanawake wale wote, na sioni haya. Nikachukua jembe nami nilime, wakaninyang'anya wakisema nalima kama mtu anayeandika. Kidole kimoja hakivunji chawa, tunasema hivyo kila siku, lakini siku hiyo ndipo nilipoelewa. Nawashukuru, nakushukuru wewe, na namshukuru Mungu aliyenipa watu namna hii.

Basi mwambie meneja nakuja. Nitapanda gari moshi Nairobi, daraja la tatu, mara tu bwana wa hapa atakaponiachilia mwisho wa mwezi. Tafadhali uje stesheni, maana Kampala siijui hata kwa ndoto.

Msalimie sana mama watoto, na Awiti rafiki yako wa kiwandani aliyekusaidia kunisemea. Ndinda na watoto wanakusalimu. Bwana awe mlinzi wa mlango wako, uingiapo na utokapo.

Nilitaka kufunga hapa, lakini mama, aliyekuja hapa Ruiru jana kutibiwa mguu, amekaa karibu yangu na amesema niandike neno lake kama lilivyo. Anasema: "Kaleli, pesa zikipotea huko sitakuuliza. Huyu mtu akipotea, nitakuuliza wewe."

Wako akupendaye, mtoto wa dada yako,
Muasya.