Gari Dogo la Damu ya Mzee

Baba Rehema,

Mvua imeanza kabla sijaamka na bado inanyesha, ile ya kwetu isiyo na haraka. Nimekaa kwenye meza ya dirishani hapa Bulyaga, mahali pako, kwa sababu ndipo penye mwanga. Barua hii sitaitia kwenye bahasha. Nataka isomwe na yeyote. Siku za matanga yako nilimsikia mtu uani akiwaeleza wenzake kwamba wewe, kijana wa Kiislamu wa Msasani ya hapa hapa Tukuyu, ulimpata binti wa mzee wa kanisa kwa kumtumia baba yake sukari na nguo kutoka dukani kwa mjomba wako. Walikuwa wanakula wali wa msiba wako, nikaona si mahali pa kubishana. Lakini wajukuu zetu walikuwa pale na walisikia. Kwa hiyo naongea na wewe, uliyekuwepo, ili na wao wajue ilivyokuwa.

Ulikuja shuleni kwetu Mpuguso, nilikokuwa nikifundisha, mwaka uliofuata Azimio la Arusha. Wakati ule kila ukuta ulitakiwa kusema jambo, na wewe ndiye uliyekuwa na mkono wa kuandika kuta. Ulikuja na baiskeli, makopo ya rangi yananing'inia huku na huku, brashi umezifunga kwenye kitambaa kama mkunga na vyombo vyake. Uliandika UHURU NA KAZI kwenye ukuta wa darasa langu, nami nikatoka nje na chaki mkononi nikakwambia herufi K imekonda, inaonekana kama imefunga kula. Ulipanda tena ngazi, ukainenepesha, ukashuka, ndipo ukaniuliza kama kuna nyingine. Nikasema urudi Ijumaa ukaandike na ukuta wa pili. Ukasema Ijumaa unaswali. Nikasema basi Jumamosi. Nilisema haraka kuliko inavyompasa mwalimu, na wewe ulitabasamu ukiangalia pembeni.

Ulipomtuma mjomba wako kuja kuniposa, baba yangu alimpokea vizuri. Alimpa ndizi na maziwa ya mgando, akamuuliza habari za biashara, kisha akakataa. Mimi nilikuwa jikoni na mama, nikasikia kila neno. Alisema, "Kijana wako simkatai kwa tabia. Namkataa kwa sababu simjui. Nitamjuaje mtu anayemwomba Mungu kwa lugha nisiyoielewa?" Mjomba wako alishukuru kwa chakula, akarudi Msasani. Hakukuwa na ugomvi, na hilo ndilo lililoniuma. Ugomvi ungenipa pa kuanzia.

Wajukuu wanamkumbuka baba yangu kama mtu wa migomba na chai, lakini kabla ya Uhuru alikuwa dereva. Alimwendesha mzungu mmoja mwenye shamba la chai, kwenye gari la wazi la kizamani, lenye boneti ndefu na mataa yaliyotokeza mbele kama macho ya kinyonga. Uhuru ulipokuja yule mzungu aliuza shamba, akaondoka, na gari likaondoka. Baba alirudi Mpuguso akashika jembe, na hakuwahi kushika usukani tena. Ukutani kwetu kulikuwa na picha yake amesimama kando ya lile gari, amevaa kofia ya dereva. Tulijua tusimuulize habari zake.

Sasa lile boksi. Ulilipata kwa daktari wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao, aliyekuita uandike anwani kwenye makasha yake ya mizigo. Ulipomaliza alikupa boksi la karatasi ngumu ambalo hakuwahi kulifungua, akasema mtu mwenye mkono kama wako atalifaidi kuliko yeye. Uliliweka chini ya kitanda. Siku uliponionyesha pale barazani kwa mama yako, kwenye kifuniko palikuwa na picha ya gari la wazi, jekundu, lenye boneti ndefu. Nilikumbuka picha ya ukutani kwetu. Nilikwambia usimtume mjomba tena. Nilikwambia tuliunde hili gari dogo kwa vipande vilivyomo, tumpelekee baba alione, basi. Ukaniuliza likimchukiza itakuwaje. Nikajibu kwamba ameshakataa, hana cha kukataa zaidi.

Tuliliunda pale barazani, Jumamosi kwa Jumamosi, mama yako akikaanga vitumbua hatua chache kutoka kwetu ili watu wasipate la kusema. Unakumbuka tulivyofungua? Vipande vilikuwa vimeshikana kwenye vijiti vya plastiki kama maembe machanga kwenye kikonyo, vingine vidogo kuliko punje ya mchele. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza. Mimi nilisoma, wewe ulikata kwa wembe na kusugua kwa msasa hadi kipande kiwe laini kama ukucha. Gundi iliyokuwa ndani ya boksi ilikuwa imekauka ikawa jiwe. Nilidhani tumefika mwisho. Wewe ulichukua mabaki ya vile vijiti, ukayakatakata ndani ya kifuniko cha kopo, ukamimina thina yako kali ya kuyeyushia rangi, na baada ya muda plastiki ikayeyuka ikawa uji. Hiyo ndiyo ikawa gundi yetu. Mama yako alilalamika kwamba vitumbua vinanuka gereji, lakini hakutufukuza.

Mvua ilitusumbua kuliko yote. Rangi haikauki Tukuyu, wewe ulijua hilo kuliko mtu yeyote. Uliweka madigadi ya kushoto karibu na jiko la mkaa, ukageuka kuzungumza na mteja wa mama yako, na uliporudi ilikuwa imejikunja kama jani la mgomba juani. Uliiokota. Kisha ukaitumbukiza kwenye maji ya moto, ukainyoosha kwa kidole gumba polepole, ukipuliza. Ilirudi karibu ilivyokuwa. Nilipoona subira ile niliacha kuwa na wasiwasi juu yako, na sijawahi kuwa nao tena.

Nililibeba kwenda Mpuguso ndani ya kikapu, limezungukwa na pamba, jekundu kama picha ya boksi. Nililiweka mezani Jumapili, watu wametoka kanisani. Baba alilitazama kwa muda mrefu. Alivaa miwani, akainama hadi pua ikakaribia kioo cha mbele. Akauliza ni nani aliyetengeneza. Nikamwambia ni wewe. Alivua miwani, akatoka, akaenda shambani na nguo zake za kanisani. Mama alinikataza kumfuata.

Aliporudi jua lilikuwa linaelekea kuzama. Alisimama mlangoni akasema, "Mwambie halikuwa jekundu."

"Lilikuwa rangi gani, Taata?"

"Damu ya mzee. Na usukani ulikuwa kulia. Huyo ameweka kushoto, atagonga watu."

Nilikuletea maneno hayo kama mtu anayeleta mkate wa moto. Hukukasirika kwamba kazi yako imekosolewa. Ulichukua wembe, ukang'oa usukani uliokwisha kugandishwa, ukauhamishia kulia. Jumapili iliyofuata baba alisema tairi la akiba lilikaa nyuma, si ubavuni. Ukalihamisha. Akasema viti vilikuwa vya ngozi iliyopauka pale dereva anapoegemea mgongo. Ukavipausha. Mimi nikawa mtu wa kikapu, Mpuguso na Msasani, Msasani na Mpuguso, na wanaume wawili wasiosemezana walikuwa wanaongea kupitia kwangu kuhusu rejeta.

Rangi ndiyo iliyokataa. Ulipaka vipande vya bati kwa damu ya mzee ya kila aina uliyoweza kuchanganya, ukanipa nimpelekee. Baba alivipeleka dirishani, kimoja baada ya kingine. Hiki kimeiva mno. Hiki cha sanduku la barua la mkoloni. Hiki karibu, lakini hakina giza chini yake. Mwisho aliviweka chini, akasema kama mtu aliyechoshwa na ujinga wetu sote, "Mwambie aje na makopo yake. Nitamwonyesha mwenyewe."

Ulikuja umevaa shati jeupe, jambo la kipumbavu kwa mtu anayekuja kuchanganya rangi. Ulisalimia kwa Kinyakyusa, "Mugonile, Taata," kwa lafudhi iliyomfanya mama ajifiche nyuma ya mlango. Baba aliitikia, akakuonyesha kigoda. Mlikaa nje chini ya ukingo wa paa, kifuniko cha kopo katikati yenu. Wewe ulimimina nyekundu, yeye akasema weusi kidogo. Ukaongeza. Kidogo tena. Sasa kahawia, tone tu. Halafu baba yangu, ambaye hakupenda kuchafuka, alichovya kidole chake ndani ya rangi, akakiinua kwenye mwanga, na akaanza kusimulia.

Alisimulia alivyoliosha lile gari kila asubuhi kabla ya umande kukauka. Alivyoliteremsha kutoka Mbeya kwenye ukungu, honi mkononi, asione hata boneti. Sisi watoto wake hatukuwahi kusikia hata moja ya hadithi hizo. Wewe hukumkatiza, uliendelea kukoroga rangi ili isigande. Na mwishoni alisema neno ambalo nadhani ndilo alilolibeba miaka yote ile. "Niliwapandisha wake za watu humo. Mbwa wa bwana alipanda. Mama yao hajawahi kulipanda hata siku moja." Mama alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la viazi. Aliweka bakuli, akarudi ndani.

Ulirudi Msasani, ukapaka, na ulipokuja tena gari lilikuwa la damu ya mzee yenye giza chini yake, na kwenye kiti cha mbele, kando ya dereva, alikuwa amekaa mwanamke. Ulimchonga kutoka kwenye mabaki ya plastiki. Alivaa kitenge cha maua, na maua yake uliyachora kwa unywele mmoja wa brashi. Baba alipomwona aliinama, akagusa kile kitenge kwa ncha ya kidole. Mama alimsogelea mwanamke yule, akamkagua.

"Huyu mnene si mimi," alisema.

Baba alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mama akacheka, na wewe ukawa unaomba radhi kwa Kinyakyusa chako kibovu, jambo lililozidisha kicheko. Machozi yalipomwisha alikuangalia kwa mara ya kwanza kama mtu anayeangalia mtu. Akakwambia, "Mlete mjomba wako. Safari hii aje na njaa."

Hakukuwa na sukari, wajukuu zangu. Hakukuwa na nguo. Tulifunga ndoa bomani kwa Mkuu wa Wilaya, mashahidi wakiwa mjomba wa babu yenu na kaka yangu, kila mtu akabaki na sala yake. Mtoto wetu wa kwanza tulimwita Rehema kwa sababu jina hilo liliingia msikitini na kanisani bila kubisha hodi.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kulitazama lile gari, maana sifa zake zilikuwa zimeenea. Alimuuliza baba, kwa upole, kama inafaa siku hizi za Ujamaa kuweka gari la bwanyenye mezani. Baba alimjibu kwamba gari hili ni la kijiji. Kila mtu anaruhusiwa kulitazama, na hakuna anayeruhusiwa kulipanda. Balozi alilitazama hadi chai yake ikapoa.

Nimefikiri sana, mume wangu, ni kitu gani kilichomgeuza baba. Watu watasema gari. Mimi nasema ni kule kukubali kwako kusahihishwa. Alikuwa na jambo alilolijua vizuri na hakuna aliyewahi kumuuliza, hata sisi wanawe, na wewe ulimuuliza tena na tena, ukabadilisha kazi yako kila alipojibu. Alisema hakujui. Hadi rangi inakauka alikuwa anakujua, na kila alipokuona ukitandika mkeka wako wa sala kwetu aliwanyamazisha watoto wasipige kelele.

Sasa nikupe habari za nyumbani. Gari analo Rehema, Dar es Salaam, kwenye kabati la kioo. Watoto wanataka nihamie huko na mimi. Nimekataa, na hawajarudia. Nalala vizuri. Asubuhi nyumba huwa kubwa kwa muda, kisha nachemsha chai na inarudi kipimo chake. Nakukumbuka zaidi saa za mchana, mwanga unapokuwa mzuri na hakuna anayeusifia.

Rehema alinitumia boksi jipya mwezi uliopita, gari jingine la zamani, dogo, la mviringo. Nadhani alitaka nipate cha kufanya. Gundi ya siku hizi haihitaji uji. Nimesugua kila kipande, nimeweka magurudumu, na mkono wangu hautetemeki, nakuambia usije ukadhani. Nimelipaka njano. Sikumuuliza mtu. Limekaa hapa mbele yangu linakauka taratibu kama vitu vyote vya Tukuyu, na mlango wake wa kulia unafunguka na kufungika bila kukwama. Ningependa uuone.

Pumzika, fundi wangu.

Mkeo,
Mama Rehema