Komeo la Bafuni

Mama Kulwa wangu,

Ungekuwepo, haya yasingenikuta. Tangu nipate mshtuko wa moyo, mwanao amenihamishia kwake Katoro na kukigeuza chumba kuwa wodi. Mashine ya presha, vidonge kwa saa, mboga bila chumvi. Getini kabandika muda wa kuona mgonjwa, mimi niliyezoea kule Didia watu waingie na tope lao na wakae mpaka wachoke. Bodaboda nazisikia tu. Nimefungwa, mke wangu, tena na mtoto niliyemzaa.

Hayo niliyavumilia. Kuogeshwa ndiko kulikonishinda. Unajua kwetu baba havuliwi nguo na binti yake. Kila Kulwa akileta beseni, namfukuza.

"Baba, hospitali nimeogesha wanaume wangapi?"

"Hao hawakukuzaa."

Nilipovunjika mguu machimboni uliniogesha wewe, huku unanicheka nilivyokonda. Nimwachie nani mwingine?

Juzi asubuhi nikajifungia bafuni na ndoo ya maji. Alishanikataza kunyanyua hata jagi. Nilipoinyanyua tu, kifua kikabana. Nikakaa sakafuni, uchi, nalitazama komeo. Kulwa akagonga, "Baba, fungua." Sikufungua. Nakuambia wewe tu: niliona afadhali nife kuliko anikute vile.

Akasema taratibu, "Baba, mama nilishamkosa."

Nikajiburuta mpaka mlangoni, nikavuta komeo.

Alinifunika taulo, akaniwekea kidonge chini ya ulimi, akanishika mkono mpaka kifua kikaachia. Alipoona presha imeshuka, akatoka. Akarudi kavaa yunifomu yake nyeupe, mpaka saa ya kifuani.

"Mzee, mimi ndiye nesi wa zamu," akasema. "Naomba nikuogeshe."

Nikafumba macho, nikamwachia. Hakutamka neno baba mpaka alipomaliza kunivalisha.

Bado nimefungwa, Mama Kulwa. Sijazoea, wala sitazoea. Kila asubuhi nesi anakuja na beseni lake, ananiogesha, anaondoka. Baadaye kidogo Kulwa anaingia kavaa kitenge, anapiga magoti kama vile hatujaonana siku hiyo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Basi, wewe nisubiri huko. Nesi hajaniruhusu.

Mumeo,
Baba Kulwa