Nyangumi Uniachie Mimi

2 Juni

Mkwe wangu mheshimiwa,

Pokea salamu zangu, wewe na mama wa nyumba. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa na nguvu. Mimi ni mzima, isipokuwa jicho la kulia, ambalo huiona dunia kana kwamba imefungwa kwa karatasi ya nta. Niwie radhi kwa kuanza na maradhi. Tangu marehemu mke wangu anitangulie, sina wa kumlalamikia nyumbani.

Mjukuu wetu Maswali alirudi kutoka likizo ya kwenu akiwa amenawiri, nami nakushukuru. Kila alasiri huketi kando ya meza yangu ya kujalidia vitabu, kama zamani. Ila zamani aliniuliza. Siku hizi ananifundisha. "Babu wa Bahari alinionyesha pomboo." "Babu wa Bahari anasema kasa hulia machozi ya chumvi." Juzi nilimweleza jinsi kasa anavyotaga mchangani, akanitazama kwa huruma. "Babu, wewe umesoma tu. Yeye ameona." Nilikuwa na gundi mkononi. Nikabandika jalada kichwa chini, nikalitia kwenye kibanio na kukaza skrubu hivyo hivyo.

Utakumbuka kwamba kile kitabu kikubwa cha wanyama wa baharini, ambacho mteja aliyekileta nikijalidi hakurudi kukichukua, ni mimi niliyempa Maswali. Ukurasa wa nyangumi tumeusoma pamoja mpaka ukalegea. Nimekusudia kuja mwezi wa nane, atakapokuwa kwenu kwa likizo. Tafadhali nielekeze mahali ambapo wanyama hao huonekana mjini kwenu. Na nina ombi, ingawa najua navunja adabu. Samaki taa umempa, pomboo umempa, kasa umempa. Nyangumi uniachie mimi. Asimwone kabla sijawa kando yake.

Mkwe wako,
Babu wa Vitabu


13 Juni

Mkwe,

Barua imefika, na salamu tumegawana sawasawa. Mama huyu anasema, "Mwambie mkwe jicho halivumiliwi kama jino, aende hospitali." Mimi goti linalia kama kamba kavu, lakini bado linanifikisha gatini.

Sasa sikiliza. Nimeendesha boti ya kuvuta meli miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo niamini mimi, usiwaamini wale vijana wa ufukweni wanaouza safari. Samaki taa, wale bapa, wapo chini ya gati la mbao, maji yakishakupwa. Simama tuli utawaona wakijifunika mchanga kama shuka. Kasa wapo nyuma ya ukuta wa kuzuia mawimbi, penye majani ya bahari; atatoa kichwa kama mzee anayechungulia nani amebisha hodi. Pomboo watafute kwenye mdomo wa bandari saa tatu asubuhi, meli inapoingia, maana hupenda kucheza mbele yake. Usiwatupie chakula, usiwafukuze kwa boti. Nyangumi naye hahitaji boti kabisa. Panda kilima cha mnara wa zamani wa kuongozea meli, jua likiwa mgongoni, utafute moshi mweupe juu ya maji. Ndiyo pumzi yake. Ila hupita siku chache tu, katikati ya mwezi wa nane, kisha kwaheri mpaka mwakani.

Kuhusu ombi lako nilicheka, mama huyu akanikanya. Ombi la mkwe halirudi mikono mitupu. Nyangumi ni wako. Mtoto hatakanyaga kilimani mpaka uje, au mpaka uniandikie kwa mkono wako kwamba nimpeleke. Njoo na kofia. Pale juu upepo hauheshimu mvi.

Mkweo,
Babu wa Bahari


4 Agosti

Mkwe wangu mheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima, na kuliulizia goti lako.

Naandika kwa masikitiko. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, na atanipasua tarehe nane. Ameniamuru nisisafiri wala kuinama kwa wiki tatu. Maswali ameshaondoka na baba yake kuja kwenu. Kwa hiyo nakufungua ahadi yako. Mpeleke kilimani, nyangumi hamngojei mtu. Umkumbushe tu kwamba ni ukurasa wa arobaini na saba.

Mkwe wako,
Babu wa Vitabu


22 Agosti

Mkwe,

Pole kwa kisu cha daktari. Tunakuombea jicho lifunguke salama. Sisi tu wazima wa mwili.

Barua yako ya tarehe nne ilifika tarehe kumi na nane. Muhuri wa posta yenu unasema kumi na tatu. Posta za siku hizi, mkwe, zinatembea kama zina mimba. Mtoto ameondoka kumi na saba.

Nyangumi walipita tarehe kumi na nne, mama na mtoto wake. Mji mzima ulipanda kilima. Baba yake Maswali alikuwa amesharudi kazini, basi akanivuta mimi mkono. "Babu, twende! Kila mtu anaenda!" Nikasema goti linauma. "Nitakusukuma." Nikasema kesho. "Jana ulisema kesho." Tukakaa chini kwenye ngazi, yeye na mimi, tukiwasikia wa juu wakipiga kelele, "Yule! Yule kule!" Alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Mama huyu akaninong'oneza, "Mpeleke, mkwe hatajua." Nikamwambia, mimi nitajua.

Sikumwambia mtoto kuwa ni ombi lako. Alikuwa akikutaja wewe tu. "Babu wa Vitabu angenipeleka. Wewe mchoyo." Aliondoka bila kuniaga.

Mkweo,
Babu wa Bahari


30 Agosti

Mkwe wangu mheshimiwa,

Salamu zangu leo ni fupi, kwa kuwa sistahili kuziandika ndefu.

Jicho limefunguliwa. Naona hata tundu la sindano. Barua yako nimeisoma bila miwani, na hapakuwa na neno nililoweza kulikwepa.

Usiilaumu posta. Nilipomaliza kuandika tarehe nne, niliona bahasha ina mkunjo. Nikaitia kwenye kibanio changu inyooke kidogo. Nikakaza skrubu. Kesho yake nikasema bado. Keshokutwa nikasema bado. Hata niliporudi kutoka hospitali na bandeji, niliitazama kwa jicho lililobaki, nikasema bado. Mkwe wangu, karatasi hunyooka kwa saa moja. Nilikuwa nikiwaona ninyi wawili kilimani, mkono wake ndani ya mkono wako, naye akisema "Yule!" kwa sauti ambayo ningeisikia kwa kusimuliwa. Siku ya tisa binti yangu alikuja kufagia karakana, akaikuta, akaipeleka posta. Wala si mimi niliyeilegeza skrubu.

Daktari ametibu jicho. Kijicho hakina daktari. Na lililo zito zaidi ni kwamba nimepata nilichokitaka. Maswali amerudi mezani kwangu na hakutaji kabisa. Mimi ndiye Babu, pasipo nyongeza.

Sithubutu kuomba msamaha kwa barua moja. Pokea hii kama ya kwanza.

Aliyekuwa mkwe wako, ukipenda,
Babu wa Vitabu


8 Septemba

Mkwe,

Ukwe haufutwi kwa kalamu, acha maneno hayo. Hujambo? Jicho je?

Nilikasirika, sikufichi. Nilikwenda gatini nikarudi, nikaenda tena. Mama huyu akasema, "Leo goti limepona?"

Halafu nikakumbuka jambo. Likizo ya kabla ya hii nilimwonyesha pomboo mzima mzima, anaruka mbele ya macho yake. Unajua alifanya nini? Alifungua kitabu chako kuhakikisha! Nilitamani kukitupa baharini kitabu hicho. Basi, tusihukumiane sana.

Mtoto usimwambie. Mgongo huu umevuta meli, utabeba na hili. Akikua atasahau.

Mkweo,
Babu wa Bahari


17 Septemba

Mkwe wangu mheshimiwa,

Salamu kwako, kwa mama wa nyumba na kwa goti. Jicho ni zima.

Niwie radhi, nimelivunja agizo lako. Nilimketisha Maswali mbele ya kibanio, nikamweleza yote.

"Ilikaa humu siku ngapi?"

"Tisa."

"Na kila siku uliiona?"

"Kila siku."

"Lakini ulikuwa na jicho moja."

"Lilitosha, mjukuu wangu."

Alichukua kitabu chake, akaondoka. Siku tatu meza yangu haikuulizwa swali. Leo amekuja, hakuketi, ameweka bahasha mbele yangu. "Ni ya Babu wa Bahari. Andika anwani vizuri. Na usiibane." Amesimama mlangoni na viatu vyake vya shule, ananingoja nimalize mistari hii. Tutakwenda posta pamoja. Au tuseme yeye atakwenda, nami nitamfuata.

Mwakani mpeleke kilimani, niwepo nisiwepo. Hii ndiyo ruhusa, kwa mkono wangu.

Sijui amekuandikia nini. Bahasha ni nene kuliko yoyote aliyowahi kunipa mimi, na naona wivu, mkwe wangu, sitakuficha tena. Ina mkunjo mkubwa upande wa kushoto. Nimeuacha.

Mkwe wako,
Babu wa Vitabu