Usimtumie Jibu, Mtumie Kabati

Ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo,
Mtaa wa nyuma ya maghala.
Jumapili, tarehe 11.

Mpendwa mpwa wangu Kichwa,

Pokea salamu nzito kama mizigo ya Jumatatu. Hujambo? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa kama gari la dizeli asubuhi? Mkeo hajambo? Na huko kazini wanakupa nafasi ya kupumua? Sisi huku tu wazima, ila wazima waliochoka. Mgongo wangu siku hizi nikiinama unalalamika, nikiinuka unatukana. Lakini usinizike mapema. Wiki iliyopita lifti ilikufa, nikateremsha jokofu la milango miwili kutoka ghorofa ya tano, huku vijana wawili wenye vifua vya mazoezi wakinipigia picha. Kampuni za kuhamisha watu nyumba ni nyingi. Mjomba wako ni mmoja.

Utashangaa kuona karatasi katika zama hizi. Simu nzima humu ndani ni moja, nayo ni yangu kwa jina tu, maana anayekaa nayo ni binamu yako Chiriku. Nikikuandikia humo, atasoma kabla yako. Kwa hiyo barua hii nampa dereva wetu wa masafa, anayeleta mzigo huko kwenu kesho. Ni mwaminifu sana ila msahaulifu. Usipomuuliza, atageuza nayo.

Jambo lenyewe ni hizo algorithimu zenu za kuielekeza kompyuta, neno ambalo kila nikilitamka ulimi wangu unajikwaa.

Unajua Chiriku na wenzake wawili wa chuoni wanashindana kuandika programu, watu watatu kwa kompyuta moja. Yuko yule wanayemwita Kapteni, na yuko Miwani, msichana mpole anayesikia kila kitu. Na unajua jinsi ulivyokuwa ukimsaidia mdogo wako. Anakutumia swali, kabla hajamaliza kuosha vyombo umeshamrudishia jibu limeiva, halihitaji hata chumvi. Akilipeleka, yule jaji wao wa kompyuta analikubali palepale. Chiriku akapanda juu kwenye orodha ya vyuo, na mimi nikapanda naye. Kazini kwetu hakuna mpakiaji asiyejua kwamba binti yangu ni bingwa. Hata mteja aliyekuja kuhamisha meza moja aliondoka anajua.

Halafu ikaja siku ya mchujo. Niliwapeleka mwenyewe kwa lori la kazini. Bosi anajua, au siku moja atajua. Ukumbini hakuna simu, hakuna mtandao, ni kalamu, karatasi na ile kompyuta moja. Mimi nikakaa nje na wazazi wengine, nikiwaeleza habari za duniani. Yaliyotokea ndani alinisimulia Kapteni tukirudi, maana Chiriku mwenyewe alikuwa amegeukia dirishani.

Lilikuja swali la gari la umeme. Gari linatoka mji fulani kwenda mji fulani, kila barabara inakula chaji yake, nawe utafute njia inayokula chaji kidogo kuliko zote. Chiriku alipoliona akatabasamu. Lilikuwa pacha wa swali ulilowahi kumtumia, na programu yako ameihifadhi neno kwa neno, kama mtoto aliyekariri shairi la kuwasomea wageni. Akawaambia wenzake, “Nipisheni, hili langu.” Akaandika bila kuinua kichwa. Jaji akasema kosa.

Akapitia tena, akapeleka tena. Kosa. Huyo jaji wenu, mpwa wangu, ana tabia za karani wa dirishani. Anakwambia umekosea, hakwambii wapi, na anafunga dirisha.

Miwani akamwambia taratibu, “Chiriku, umeona miteremko? Kuna barabara gari likishuka linaongeza chaji badala ya kula.”

“Nimeona.”

“Na programu yako, inajua?”

Chiriku akainamia kibodi. Hajawahi kujua kwa nini programu ile ilikuwa inafanya kazi siku zote, sasa angejuaje kwa nini leo imegoma? Akabaki ameing'ang'ania kompyuta, akibadilisha hiki na kile, huku wenzake wamekaa na majibu yao kwenye karatasi wakingoja zamu. Walipomwomba ainuke, muda ulikuwa umebaki kiduchu. Kapteni na Miwani wakaandika mbio mbio, wakapenya kuingia fainali, timu ya mwisho kabisa iliyopita.

Ndani ya lori Kapteni anapiga dashibodi kama ngoma. “Tumepita! Sasa wewe uso gani huo?”

“Mmepita nyinyi,” Chiriku akamjibu. “Mimi nimebebwa.”

Tangu siku hiyo yule chiriku tuliyempa jina kwa sababu ya kelele zake amekuwa kama redio isiyo na betri. Amemwambia Kapteni atafute mtu mwingine wa fainali. Kapteni kakataa, kampa mpaka mwisho wa mwezi afikirie. Huu ni mwaka wake wa mwisho chuoni, na fainali nyingine kwake haipo. Mtoto anayependa kitu kama yeye anavyopenda hayo maswali, akiondoka kwa mlango huo hatarudi. Atatafuta kazi, atazeeka, na kila atakapoona watu watatu mbele ya kompyuta atageuza uso. Nimehamisha nyumba za watu wengi, Kichwa. Kila nyumba ina boksi moja ambalo mwenyewe hataki lifunguliwe. Sitaki binti yangu afunge la kwake mapema hivi.

Usidhani sikujaribu. Ijumaa nilitoka kazini miguu imekufa ganzi, nikamkalisha mezani, nikamwambia, “Nieleze mimi hiyo programu.”

“Baba, huwezi kuelewa.”

“Mimi nimeelewana na maafisa wa mipaka mitatu kwa lugha nisizozijua. Eleza.”

Akaeleza. Eti kompyuta inachagua mji ulio karibu zaidi, inaufunga, hairudi tena kuuangalia. Nikamuuliza kwa nini hairudi. “Kaka Kichwa ameandika hivyo,” akasema.

Mimi nikaingia kusaidia. Nikamwambia hiyo ni kama kupakia lori, kitanda kinatangulia ndani, taa za mezani zinafuata.

“Baba, haihusiani.”

“Inahusiana, wewe hujapakia tu.”

“Haihusiani hata ukiifunga kwa kamba!”

Akacheka kidogo, halafu akalaza kichwa mezani. “Kaka Kichwa hajawahi kukwama maishani mwake,” akasema. “Mimi sina akili kama zake.”

Hapo ndipo nilipouma ulimi mpaka nikasikia chumvi. Maana nilikumbuka kabati.

Unalikumbuka, au mpaka nikukumbushe? Ulitoka kwenye shindano lako la kwanza na sifuri ya mviringo kabisa. Nilikuwa nimepitia kukuchukua kwa lori, nikiwa na mzigo wa mteja, yule mama mshonaji. Hukutaka kukaa mbele. Ukapanda nyuma, ukaingia ndani ya kabati lake la nguo, ukavuta mlango. Nikaendesha polepole kama nimebeba mayai. Tulipofika nilidhani umeshashuka. Wapakiaji wakalipandisha ngazi zote, mmoja akiapa kwamba mbao za siku hizi zimekuwa nzito. Yule mama akafungua atundike koti lake, akakuta macho mawili. Akapiga ukelele mpaka jirani akatoka na mwiko mkononi. Na wewe, mtoto mwenye adabu zako, ukasema, “Shikamoo.”

Akakupa maji, akakupa karatasi yake ya kuchorea mishono. Ukakaa sakafuni, ukaanza lile swali la kwanza upya, huku sisi tunakuruka na magodoro.

Uliniapisha nisimwambie mtu, na mimi ambaye siwezi kuficha hata ndoto zangu, hilo nimelificha. Sasa nimechoka kulificha, lakini sikuombi ruhusa ya kulisema. Mimi nikisema, Chiriku atadhani nimelitunga. Ananijua. Sema wewe. Mpigie kabla ya mwisho wa mwezi, umwambie sifuri yako, umwambie na kabati. Na kuanzia leo akikutumia swali, usimtumie jibu. Muulize yeye swali, mwache ajikune kichwa, umngoje. Najua ulikuwa unamjibu haraka kwa upendo, tena katikati ya kazi zako, na mdomo wangu hauna lawama kwako hata tone. Ila safari hii upendo uje taratibu.

Bibi yako anakusalimu, anauliza kama unakula. Mama yako alipita hapa jana, mzima, ananuna kwamba hupigi simu. Mke wangu anasema koti ulilomtumia limemkaa vizuri, ingawa mimi nimemwambia limemkaa vizuri kwa sababu ya aliye ndani. Nisalimie mkeo na majirani wako wote, hasa wanaokopesha ngazi. Mungu akupe kifua kisichokohoa, na usiku wa kulala mpaka ukinai.

Ni mimi nikupendaye, mwenye mgongo mbovu na jina zuri,
Mjomba wako.

N.B. Unaona hiki kipande cha mwisho nimekiandika nyuma ya risiti. Nilipokuwa natafuta bahasha, Chiriku kapita, kaniuliza, “Baba, hizo karatasi zilizobaki unazitaka?” Nikamwambia chukua. Hakuchukua simu, kachukua karatasi. Sijui atamjibu nini Kapteni, wala sithubutu kumuuliza. Lakini amekaa sakafuni, Kichwa, anachora miji na miteremko, na mimi nimemruka mara mbili kwenda jikoni bila kusema neno. Kwangu mimi hiyo ni kazi nzito kuliko jokofu. Piga upesi.